Samoni wa Mbali na Mukene wa Ziwani Kwetu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu ili niseme na wadogo zangu walioko shuleni, na wenzangu tuliokwisha kutoka, juu ya jambo lituhusulo sote kila siku ifikapo saa saba mchana, yaani chakula cha adhuhuri. Wako watakaosema kwamba mambo ya jikoni si ya kuandikwa katika gazeti la shule. Nawajibu kwamba tumbo haliendi likizo, na mwanafunzi asiyejua kujipikia atakuwa mtumwa wa kila mwenye kikaango barabarani.

Siku hizi katika Kampala limezuka jina jipya midomoni mwa watu, nalo ni samoni. Ukiingia katika hoteli kubwa utaliona katika orodha ya vyakula. Ukiingia katika maduka makubwa utamwona samaki mwenyewe amelazwa katika barafu, au amefungwa katika mkebe. Na vijana wakifungua simu zao huonyeshwa jinsi ya kutengeneza saladi yake kwa dakika chache. Yasemwa kuwa hicho ni chakula chepesi, cha haraka, cha afya, tena kimfaacho mtu mwenye kazi ya akili. Yote hayo ni kweli, nami sikuja kumtukana samoni. Neno langu ni hili: saladi ya namna hiyo twaweza kuifanya kwa mukene wa Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, na miili yetu isipungukiwe na kitu. Tena nasema kwamba dharau yetu kwa samaki huyu mdogo ni hasara kwetu sisi, na ni hasara kubwa zaidi kwa wale wamvuao na kumwanika.

Kwanza tumjue huyo mgeni. Samoni ni samaki wa maji ya baridi. Kwa asili yake huzaliwa mtoni, huenda baharini akakua, kisha hurudi mtoni kuzaa. Katika maziwa yetu hayupo. Wengi waliwao duniani leo hawavuliwi, bali hufugwa baharini katika vizimba vya nyavu, na nchi iongozayo kwa ufugaji huo ni Norway. Ule wekundu wa nyama yake uwavutiao watu, samoni wa porini huupata kwa kula kamba na wadudu wadogo wa baharini. Yule wa kufugwa hutiliwa rangi katika chakula chake. Na chakula chenyewe ni nini? Ni soya na mimea mingine, pamoja na unga na mafuta ya samaki wadogo, kama wale wavuliwao kwa wingi katika bahari ya Peru. Yale mafuta mazuri ya moyo na ubongo, ambayo kwa ajili yake samoni husifiwa, yeye hakuyabuni mwenyewe. Asili yake ni mimea midogo mno ya majini. Samaki wadogo huila, na wakubwa huwala wadogo.

Sasa tazama mambo yalivyo. Samoni amepata sifa kwa mafuta aliyoyapokea kwa samaki wadogo. Sangara wa ziwa letu, ambaye Waganda humwita mputa, hunenepa kwa kula mukene. Kuku wa mayai hulishwa mukene aliyesagwa, na nguruwe vile vile. Kila mmoja amekwisha kuijua siri, ila mwanafunzi wa Kampala, ambaye akiona mukene katika sahani hukunja pua na kwenda kununua chapati.

Mukene ni yule yule ambaye Watanzania humwita dagaa na Wakenya wa Kisumu humwita omena. Urefu wake hauzidi kidole. Huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza usio na mwezi, kwa taa. Mwanga humvuta juu ya maji, na nyavu humzunguka. Asubuhi huletwa pwani, kwa mfano Katosi na Kiyindi, na aghalabu ni akina mama wamwanikao juani. Kwa kuwa huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, humpa mtu chokaa ya kujenga mifupa na meno, ambayo kipande cha samoni kisicho na mfupa hakina nyingi. Humpa chuma kwa ajili ya damu, na madini ya zinki ambayo mwili hutumia katika kukua na kupigana na maradhi. Na akiisha kukaushwa, karibu nusu ya uzito wake, au zaidi, ni protini ijengayo mwili. Kijana mwenye miaka 15, ambaye mifupa yake ingali yarefuka, atafute nini tena?

Wazee wetu waliyajua hayo bila ya kusoma kemia. Katika Buganda watoto waliodhoofika walipewa nkejje, samaki wadogo waliokaushwa. Lakini katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa katika Ziwa Victoria. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na aina nyingi za nkejje zikatoweka tumboni mwake. Viwanda vikajengwa kandokando ya ziwa. Minofu ya sangara ikapelekwa Ulaya na kwingineko, na watu wa hapa wakabaki na vichwa na mifupa, ambayo watu wa Kisumu waliipa jina la mgongo wazi. Sisemi kwamba biashara ile haikuleta fedha. Ilileta, na wengi walisomeshwa kwayo. Nasema tu kwamba mukene hakutoweka. Nkejje walipopungua, yeye alizidi. Ziwa limetubakishia samaki wa bei ndogo, mwenye nguvu nyingi, naye yuko karibu nasi kila siku. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Katika soko moja la hapa Kampala niliwahi kununua kilo mbili za mukene. Mama aliyekuwa akiuza alinitazama suti yangu na tai yangu, akaniuliza, "Ssebo, una kuku wangapi?"

Nikamjibu, "Sina kuku, nnyabo. Ni wa kula nyumbani."

Akacheka, akaurudisha mukene aliokwisha kuupima. "Basi usichukue huyu," akasema. "Huyu ni wa kuku. Wa watu ni yule kule." Akafungua gunia jingine dogo lililokuwa nyuma yake. Humo mukene alikuwa mweupe kama fedha, mkavu, hana mchanga. Nikamwuliza kwa nini gunia zuri huliweka nyuma na gunia baya huliweka mbele. Akasema, "Wa mbele ndiye aulizwaye. Wenye kuku huja kila siku. Wenye watoto huja mara moja moja."

Maneno ya mama yule yana elimu kubwa ya biashara, nami nataka kila mwanafunzi asomaye uchumi ayafikiri. Mukene akianikwa chini juu ya mchanga, hushika mchanga na uchafu, na mvua ikinyesha huoza. Huyo ndiye apelekwaye kwa kuku kwa bei ya chini. Mukene akianikwa juu ya uchaga wa miti na wavu, hupitiwa na upepo juu na chini, hukauka upesi, na hubaki safi. Lakini uchaga una gharama. Mama anayeanika pwani atautengeneza kwa faida gani, ikiwa wenye fedha wa Kampala hawaulizi mukene safi? Atafanya kama soko litakavyo. Kwa hiyo tusiseme, "Hatuli mukene kwa sababu ana mchanga." Ana mchanga kwa sababu hatumli. Dharau yetu ndiyo imwekayo chini.

Na hasara hiyo haikomei pwani. Wako wengi katika nchi yetu walao mukene kila juma, hasa mashariki na kaskazini, nao hawana haja ya kufundishwa na mimi. Lakini mtoto wa maskini anunuliwaye mukene wa bei ndogo hula ule uliobaki, wenye mchanga, kwa sababu ndio uliojaa sokoni. Sisi wenye uwezo wa kuchagua tungedai ulio safi, ulio safi ungeongezeka, na mtoto yule naye angeupata.

Sasa nitoe njia yenyewe ya saladi, maana maneno matupu hayashibishi. Nitaandika kadiri ya watu wanne. Chukua vikombe viwili vya mukene mkavu, nyanya tatu, kitunguu kikubwa kimoja, karoti mbili, robo ya kabichi ndogo, ndimu mbili, kipande cha tangawizi, majani ya dania, chumvi, vijiko viwili vya mafuta, na parachichi moja lililoiva vizuri, ambalo hapa Kampala twaliita ovakado.

Anza na mukene. Wachague, utupe vijiti na mawe. Ukipenda, ondoa vichwa, maana ndivyo vyenye uchungu kidogo. Waloweke katika maji ya moto kwa dakika tano, kisha uwaoshe mara tatu, kila mara ukiwainua kwa mikono na kuacha maji chini, ili mchanga ubaki katika chombo. Wakamue maji. Tia mafuta katika kikaango, wakaange pamoja na tangawizi iliyopondwa mpaka wawe wakavu na wenye kulia mdomoni. Mwisho wakamulie nusu ya ndimu moja. Harufu mnayoilalamikia itakwisha hapo hapo.

Mukene akiwa katika maji ya moto, wewe usikae bure. Osha mboga kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, maana saladi haipikwi, na maji machafu yana homa ya matumbo ndani yake. Katakata kitunguu vipande vyembamba, kifikiche kwa chumvi, kioshe. Katakata kabichi nyembamba kama uzi, kwaruza karoti, kata nyanya. Kisha chukua parachichi, liponde kwa uma pamoja na maji ya ndimu iliyobaki na chumvi kidogo, mpaka liwe laini. Huo ndio mchuzi wako, nawe huna haja ya kununua chupa ya mayonezi dukani. Changanya mboga na mchuzi huo, nyunyiza dania, na mwisho kabisa tia mukene juu, ili wasilainike. Kula na viazi vitamu vilivyochemshwa, au viazi mbatata vilivyobaki jana, au chapati moja. Kazi yote haizidi nusu saa, na mwenye mkono uliozoea huimaliza kwa dakika 20.

Tena jua sababu ya kila kitu kimo humo. Mafuta ya parachichi husaidia mwili kupokea vitamini A itokanayo na karoti. Vitamini C iliyo katika ndimu na nyanya husaidia mwili kupokea chuma kilicho katika mboga. Mukene hujenga, viazi hutia nguvu, na kabichi husaidia tumbo kufanya kazi yake. Huu si uchawi wa Ulaya. Ni somo la baiolojia lililowekwa katika sahani.

Na kama moyo wako hautulii bila ya samaki mkubwa, chukua kipande cha sangara au cha ngege. Kipike kwa mvuke au maji kidogo, pamoja na ndimu na chumvi, mpaka nyama iachane na mfupa. Kiache kipoe, toa mifupa yote kwa uangalifu, kivunje vipande vidogo, ukichanganye na mboga zile zile. Hata samaki aliyebaki katika chakula cha jioni hufaa, ikiwa alihifadhiwa katika friji. Lakini samaki wa ziwani usimle mbichi, na saladi iliyokwisha kuchanganywa usiiweke mpaka kesho.

Juu ya bei sitaandika hesabu ndefu, kwa kuwa bei za Kampala hubadilika kama mawingu. Lakini mara ya mwisho nilipolinganisha, fedha za sahani moja ya saladi ya samoni katika hoteli zingalitosha kuwalisha watu wanane saladi ya mukene, na zikabaki za kununulia matunda.

Najua ziko hoja za kunipinga, nami nitazijibu kwa heshima.

Kwanza, wako wasemao kwamba rolex na kikomando ni vya haraka zaidi, na vyauzwa kila pembe kuanzia Wandegeya mpaka Nakawa. Kweli, nami ni rafiki wa rolex. Ina mayai, na mayai ni chakula chema. Lakini chapati na mafuta kila siku, bila ya mboga ila vipande viwili vya nyanya, humfanya mtu asinzie saa nane mwalimu akiwa ubaoni. Tena kumsubiri mpishi wa barabarani katika msongamano wa saa saba hakupungui sana kuliko kukaanga mukene nyumbani.

Pili, wako wasemao kwamba shule yenye wanafunzi mamia haiwezi kuwatengenezea wote saladi. Nakubali kwamba kuponda parachichi kwa bwalo zima ni kazi ngumu. Lakini kabichi iliyokatwa, kitunguu, nyanya na mukene aliyekaangwa, vikiwekwa juu ya posho mara moja kwa juma, si jambo lisilowezekana. Hata hilo likishinda, mukene safi husagwa akawa unga, na kijiko cha unga huo katika sufuria ya maharage hakimchukizi mtu wala hakionekani.

Tatu, wako wasemao kwamba mtu aliyesoma hana budi kuonja vyakula vya dunia. Nami nasema, na aonje! Ukialikwa mahali ukapewa samoni, kula na ushukuru. Lakini kuonja cha mwenzio ni jambo moja, na kukionea haya chako ni jambo jingine. Yule mfugaji wa Norway hamwonei haya samaki wake. Amemtengeneza, amemsafisha, amemsifu mpaka sifa zake zimefika Kampala. Tungefanya nusu ya hayo kwa mukene, huenda siku moja watoto wa Norway wangeonyeshwa katika simu zao namna ya kumkaanga.

Basi nina maombi matatu. Ombi la kwanza ni kwenu, wadogo zangu. Klabu ya kilimo ina shamba. Limeni kabichi, karoti, nyanya na dania, na siku ya kuvuna tengenezeni saladi hii mbele ya wenzenu, waonje kabla ya kucheka. Ombi la pili ni kwa wakuu wa shule: wakinunua mukene kwa ajili ya jikoni, waulize kwanza alianikwa wapi, juu ya uchaga au juu ya mchanga, na walipe zaidi kidogo kwa aliye safi. Shule ni mnunuzi mkubwa, na swali la mnunuzi mkubwa husikika mpaka pwani. Ombi la tatu ni kwa wanafunzi wa zamani wenzangu. Kila mwaka twachanga fedha za vikombe vya michezo na rangi ya lango. Ni vyema. Lakini tungechanga mara moja fedha za miti na wavu, tukawakopesha akina mama wa bandari moja ya uvuvi, nao wakalipa kidogo kidogo kwa mukene safi katika jiko la shule, tungekuwa tumeacha kumbukumbu ambayo wadogo zetu wataila kila juma.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Samoni yuko mbali, na njaa ya saa saba iko hapa. Mwenye neno la kunipinga na aandike, gazeti ni letu sote. Ila namwomba akaange kwanza kikombe kimoja cha mukene safi, ale, ndipo ashike kalamu.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa Zamani,
Kampala